Pora wa Rejista

Jumatatu moja, saa moja asubuhi, mzee aliketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mgongo kwenye ukuta wa banda, akaanza kuchambua kuku. Walikuwa ishirini na sita, wametimiza wiki nane, umri ambao kuku si kifaranga tena wala hajawa mtu wa kutegemewa. Kazi ya mzee ilikuwa kusema yupi ni mtetea na yupi ni pora. Mtetea angebaki atage. Pora, yaani jogoo ambaye bado hajawika, angeondoka Jumamosi.

Hakuwa na haraka. Alimshika kila mmoja chini ya mbawa, akamgeuza kwenye mwanga, akamsoma. Kwanza upanga wa kichwani: wa pora huwahi kuwiva, ukawa mwekundu wakati wa mtetea bado una rangi ya ufizi. Kisha manyoya ya shingoni: ya mtetea yana ncha za mviringo, ya pora yamechongoka. Kisha miguu, maana pora hutembelea miguu ya kuazima, minene kuliko mwili unaobebwa. Mwisho alimweka chini, akapiga kofi moja na kutazama. Mtetea akishtuka huinama. Pora akishtuka hujinyoosha kwanza, halafu ndipo anakumbuka kukimbia. Wengi hutazama mkia, alisema mzee, na wanaotazama mkia ndio wale wanaopeleka barua ya mtu kwa jirani yake.

Akisharidhika kuwa huyu ni pora, alifungua bawa lake la kushoto na kugonga muhuri wa posta.

Muhuri ulikuwa wake kwa namna fulani. Alikuwa amefanya kazi chumba cha kuchambulia barua miaka arobaini kasoro miezi miwili, na mtaa mzima ulimwita Stempu. Siku ya kustaafu alipewa saa ya ukutani na hotuba. Muhuri alijipa mwenyewe, kwenye mfuko wa koti, na hakikuwapo kingine alichowahi kuchukua kisicho chake. Magurudumu ya tarehe yalishika kutu siku ile ile yasigeuke tena, kwa hiyo kila pora aliondoka nyumbani akiwa na tarehe ambayo mzee aliacha kazi. Mkamwana wake aliwahi kuuliza kama kuna tatizo. Mzee akasema hakuna, kuku hasomi.

Zamani, mwanawe wa kiume alipokuwa wa miaka mitano, kila jioni alimkimbilia langoni na kumnyooshea kiganja. "Nitume, Baba!" Mzee alikuwa akigonga kiganja kile kwa ngumi, taratibu, kama muhuri, anamuuliza anakwenda wapi, anambeba begani kuizunguka nyumba mara mbili na kumkabidhi kwa mama yake jikoni, ambaye ilimpasa aweke sahihi hewani kwa mwiko. Sasa mama yule ni marehemu, na mtoto ni fundi friji mwenye mvi mbili tatu, ambaye akipita uani huwa na simu sikioni.

"Wangapi wa safari, Baba?" aliuliza mkamwana. Alikuwa amesimama na ndoo ya maji.

"Mpaka sasa kumi na mmoja."

"Wengi."

"Mpangaji ni Mungu, mwanangu. Mimi nachambua tu."

Mkamwana huyu hakuwa mtu mbaya. Tuliseme mapema, maana wapo watakaotaka kumtupia yeye lawama zote kisha wakalale. Alianza na kuku watatu mwaka ambao friji za watu ziligoma kuharibika, na nyumba ikaishi kwa mayai. Aliamka kabla ya wote. Alimjua kila kuku kwa mwendo wake. Alimpikia mkwewe, alimfulia, alimpa shikamoo yake asubuhi bila kukosa. Ila alikuwa na neno moja alilozoea kulisema akiwa bandani, huku mikono i kiunoni: "Hapa kwangu asiyetaga anaijua njia." Alikuwa akiwaambia kuku.

Njia yenyewe ilikuwa gari dogo la mwenye hoteli ya barabarani, aliyeitwa Bwana Tenga kwa sababu ya tenga alilokuja nalo kila Jumamosi. Yeye alipenda nyama laini, ya pora ambaye hajajua kuwika. Hakuwa mkali. Alikuwa akiwashika vizuri, wawili wawili, huku akiwasifia.

Kuku wa ishirini na sita alikuwa mwekundu wa kahawia. Upanga umemwiva, shingo imechongoka, miguu kama ya mtu mwingine. Hakukuwa na la kufikiri. Mzee alifungua bawa, akachovya muhuri kwenye wino, na pora akanyoosha shingo afungue kinywa awike kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ndipo alipoliona tenga la akiba limetundikwa ukutani, na manyoya ya wenzake yamenasa kwenye fito. Akafunga kinywa. Mzee aliuona ule mlio ukishuka kooni polepole, kama tonge lililokosa maji.

Mzee alilijua tendo lile. Jana yake, mezani, mwanawe alikuwa ameuliza, bila kumtazama mtu, kama kile chumba cha uani hakingefaa kuwekea magunia ya chakula cha kuku, maana yanapata unyevu. Chumba cha uani ndicho alicholala mzee. Nyumba yote alikuwa ameijenga yeye, na siku aliyostaafu alimkabidhi mwanawe mbele ya ndugu, akasema, "Mimi nitabaki na kile cha uani." Watu wakapiga makofi. Mtu aliyeishi kwa karatasi miaka arobaini, hilo hakuliandika popote. Kwa hiyo pale mezani alifungua kinywa, akakifunga, akameza.

"Mtetea huyu," alisema mzee.

"Huyu? Mbona upanga umemwiva hivyo?"

"Damu ya mama yake."

"Na hiyo miguu?"

"Atakuwa mkubwa."

Mkamwana alimwangalia kuku, akamwangalia mkwewe. Miaka miwili mzee hajakosea hata mmoja. "Haya," alisema. "Mwenye macho ni wewe."

Mzee aliona aibu siku nzima. Hakuwahi kuipeleka barua pasipo pake, na leo amefanya hivyo akijua. Jioni alimpa yule pora jina, Rejista, kwa sababu barua ya rejista haitupwi guniani na nyingine. Hupita mkono kwa mkono, na ikipotea, mtu huulizwa.

Wiki iliyofuata, Jumanne, Rejista aliingia kwenye sanduku la kutagia kabla ya kuku wakubwa. Alikaa saa tatu. Alipotoka alitembea kwa kupanua miguu, kama mtu aliyetia sahihi jambo asilolisoma, na kwenye majani makavu palikuwa na yai dogo kuliko la njiwa. Kesho yake akataga jingine, kubwa kidogo.

"Kumbe kweli mtetea," alisema mkamwana.

"Ila ameharakisha," alisema mumewe.

Mzee aliligeuza yai kwenye mwanga. Alijua manyoya yale ni ya pora, na upanga ule ni wa pora, na yai lile limetoka kwa pora. Alijua pia kwamba woga ukizidi lazima utokee mahali.

Mayai ya Rejista hayakuwa na ubaya wowote. Ukiyapasua juu ya kikaango yalitoa sauti fupi ya kuwika iliyokatizwa katikati, kisha yakakaangika kama mengine. Wateja hawakulalamika. Mmoja alisema tangu aanze kuyanunua, watoto wake wanaamka wenyewe kwenda shule.

Habari kama hizo huenea bandani upesi kuliko kwa watu. Kundi la pili lilipotimiza wiki nane, mzee alitoka na kreti lake, muhuri na kidau cha wino, akakuta pora wote wamejipanga mbele ya masanduku ya kutagia, kimya, kila mmoja anasubiri zamu. Kufikia adhuhuri kila mmoja alikuwa na lake. Aliwachukua, akawageuza kwenye mwanga. Pora, pora, pora. Muhuri ukabaki mkononi.

"Wangapi wa safari?" aliuliza mkamwana.

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Kama kanuni ni kutaga, hakuna."

Mkamwana alifurahi sana, na siku hiyo aliimba akifagia. Kundi la tatu likawa vivyo hivyo. Bwana Tenga alirudi na tenga tupu Jumamosi nne mfululizo. "Siku hizi dunia nzima inataga," alisema, akajikuna kidevu. Lakini alisema ataendelea kupita, maana hakuna banda lisilo na mchovu.

Basi kuku wakawa wanaingia na hakuna anayetoka. Banda lilijaa, kibaraza kikajaa, kuku wakalala juu ya pasi, ndani ya ndoo, kwenye mashine ya friji ya mteja ambayo fundi alikuwa hajaimaliza. Kwa kukosa nafasi walianza kutembea. Kuanzia alfajiri walikwenda ukutani na kurudi, ukutani na kurudi, kucha zinakwaruza sakafu. Mzee naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Alikwenda langoni, akashika komeo, akarudi. Akakaa kitandani, akainuka. Kuna siku mkamwana alitazama kutoka jikoni akaona mkwewe na kuku wanakwenda na kugeuka kwa pamoja, na akasema tu wakanyage kidogo kidogo, sakafu inachimbika.

Jioni moja mzee alikuwa chumbani na kikombe cha chai. Nje ya dirisha lake alisikia futi ya chuma, ile inayojirudisha yenyewe, ikivutwa na kuachiwa. Chrr, tap. Chrr, tap.

"Kinaingiza kuku mia," alisema mkamwana.

"Na Baba?"

"Aende kwa wifi. Si ana stoo?"

"Stoo ina cherehani zake."

"Cherehani hazilali, mume wangu."

Futi ikavutwa tena.

"Mimi simfukuzi mtu," aliendelea mkamwana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mwenye hila. "Lakini tazama mwenyewe. Hapa kila mtu ama anataga ama anatengeneza friji. Baba anakula tu."

"Anatuchambulia kuku."

"Anachambua nini siku hizi? Wote wanataga."

Mzee alisimama na kikombe chake upande wa pili wa ukuta. Hilo lilikuwa kweli, na yeye ndiye aliyelifanya liwe kweli. Angemgongea Rejista muhuri siku ile, uwanja ungekuwa na nafasi na yeye angekuwa na kazi. Hakujuta, ila aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu alipomzika mkewe. Binti yake mkubwa, huyo wifi, aliishi mbali, safari ya siku mbili, na stoo yake haikuwa na dirisha.

Siku ya tatu, Jumatano, alfajiri, mzee aliketi kitandani baada ya kuzunguka chumba kwa muda, na alipoinuka palikuwa na yai kwenye shuka. Aliligusa. Lilikuwa la moto. Lilikuwa na rangi ya bahasha za kaki na kubwa kuliko la bata. Alivaa koti, akalibeba kwa viganja viwili mpaka jikoni, akasubiri mkamwana amalize kuwasha jiko.

"La nani hili?" aliuliza mkamwana.

"Langu."

Mkamwana aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaligonga kidogo kwa ukucha. "Ganda zuri," alisema. Akaliweka kwenye trei, ncha chini, safu ya makubwa. Kisha akavuta kiti akamsogezea mkwewe, maana aliyetaga hasimamishwi.

Jioni hiyo mwana alipandisha futi yake juu ya kabati.

Zikafuata wiki za heshima. Mzee alipewa sahani ya kwanza na mkamwana alimnyunyizia chokaa kidogo kwenye uji, kwa ajili ya ganda. Kila asubuhi alisalimiwa vizuri. "Shikamoo, Baba. Umeamkaje? Umetaga?" Naye alijibu, "Marahaba, nimetaga," na kutoa yai kwenye mfuko wa koti. Majirani walianza kuagiza lile la mzee. Likipasuliwa lilitoa harufu ya gundi ya bahasha, ikapita, na kiini chake kilikuwa cha manjano ya kawaida. Hata binti mkubwa alipiga simu kulalamika.

"Nasikia Baba anataga na hamkuniambia. Mimi si mtoto wake?"

"Tulikuwa tunangoja aizoee hali, wifi."

"Nilikuwa na mpango wa kuisafisha ile stoo, ujue. Ni muda tu sikuwa nao."

Tatizo ni kwamba yai la namna ile halitagwi kwa raha. Likishatoka la leo, mzee alipata utulivu mpaka saa nne hivi, kisha akaanza kuliwaza la kesho. Kufikia alasiri hakuweza kukaa. Alikwenda langoni akarudi, na kuku wakampisha. Ganda nalo hutoka mahali: magoti yalianza kumlia akiinama, na asubuhi moja aliuma mkate, jino likabaki kwenye mkate. Alilifuta, akalitia mfukoni pamoja na yai.

Rejista naye alikuwa amekonda. Kipi, ule mwiba wa jogoo, kilikuwa kimeanza kumchomoza mguuni, na mzee alikikata kila Ijumaa kwa kikata kucha. Alasiri waliketi wote wawili pale kwenye kreti, mzee juu na Rejista chini.

"Na wewe unachoka?" mzee alimuuliza siku moja.

Rejista hakujibu, kwa sababu kuku hawasemi.

Mwezi wa tatu yai la mzee lilitoka laini, ganda kama karatasi iliyolowa. Mkamwana alilitia kwenye bakuli. Kesho yake hakukuwa na kitu. Kesho kutwa yake, kitu hakuna.

"Umeamkaje, Baba?"

"Nimeamka."

Mkamwana alisubiri kidogo sentensi iishe, kisha akaenda kulisha kuku.

Anayefuga anajua namna ya kupima kama kuku bado yumo kazini. Nyuma, chini ya mkia, kuna mifupa miwili. Vidole vitatu vikipita katikati, bado anataga. Vikipita viwili, anasuasua. Kimoja, amefunga. Lakini mkamwana hamgusi baba mkwe, adabu ni adabu, kwa hiyo alimtuma mumewe. Mwana alinawa mikono kwanza, mara mbili, akabisha hodi kwenye chumba cha uani.

"Nisamehe, Baba."

"Fanya kazi yako," alisema mzee, akageukia ukuta.

Vilipita viwili. Alhamisi kikapita kimoja. Mwana alimshusha babaye shati, akamfunga kifungo kilichofunguka, akasimama pale akitazama saa ya ukutani ya kustaafia. Moyo ulimuuma, tena sana, ila haukumuuma kiasi cha kusema. Alipotoka alimwambia mkewe, "Viwili." Ulikuwa uongo mdogo, ndugu wa ule wa "mtetea huyu," ila huu haukufika popote. Asubuhi hawapimi vidole, wanaangalia trei.

Ijumaa, wakati chai inamiminwa, Rejista alipanda juu ya kreti. Alinyoosha shingo, akafungua kinywa, na safari hii hakumeza. Mlio uliokuwa ndani yake miezi saba ulitoka wote kwa mpigo mmoja. Uliendelea mpaka chai ikapoa vikombeni. Jirani mmoja alizima redio ili kuupisha. Wale pora wengine walisimama kusikiliza, vichwa upande, na ulipokwisha walirudi kwenye masanduku ya kutagia, kila mmoja kwenye zamu yake.

Mkamwana alitoka jikoni na kitambaa mkononi.

"Kumbe jogoo."

"Ndiyo," alisema mzee.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya nane. Tangu ndani ya yai, ukitaka hasa."

"Ukaniambia ni mtetea. Ulinidanganya, Baba."

"Nilimchelewesha tu, mwanangu. Rejista huchelewa."

Mkamwana alitazama chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakumbuka kuku wote wale, ndani ya ndoo, juu ya friji, na magunia yanayolowa. "Kesho ni Jumamosi," alisema, na hakufafanua anamwambia nani.

Mchana alimpigia wifi yake. Mzee alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, ila sauti ya binti yake ilikuwa kubwa kwenye simu, kwa hiyo alisikia na wa pili.

"Anataga bado?"

"Alikuwa anataga."



"Basi mleteni. Lakini mwambieni mapema kwamba stoo ina cherehani."

Jumamosi asubuhi futi ilishuka kabatini. Mwana alipima upande wa dirisha, akapima upande wa mlango, akaandika kwa penseli ukutani, pale pale juu ya kitanda ambacho babaye alikuwa anakitandika. Begi lilikuwa moja. Ndani kulikuwa na mashati manne, picha ya marehemu na lile jino. Saa ya ukutani mzee aliiacha. Alisema kuku watahitaji kujua muda.

Bwana Tenga alifika saa tatu. Walikuwa wamekwisha kubaliana naye: abiria angekaa mbele, mpaka stendi ya mabasi, na Rejista nyuma. "Karibu, mzee wangu," alisema, na akafuta kiti cha gari kwa kiwiko. "Utakaa vizuri tu, barabara imetengenezwa."

Mzee alisema kuna kazi haijaisha. Aliketi kwenye kreti, akamchukua Rejista, akamgeuza kwenye mwanga mara moja zaidi. Upanga, shingo, miguu. Akafungua bawa la kushoto, akagonga. Rejista hakujitikisa. Alikuwa amekwisha kusema lake na sasa alikuwa mwepesi, karibu nusu ya uzito wa jana. Bwana Tenga akampokea kwa mikono miwili, akamsifia.

Kisha mzee alimwita mwanawe. Mwana alikuja na futi mkononi, akaiweka chini. Mzee alimpa muhuri na kidau cha wino. Hakueleza. Alimnyooshea kiganja, kimefunguka, namna ambavyo mtoto wa miaka mitano humnyooshea mtu langoni.

Mwana alikaa na muhuri mkononi. Mkamwana alikuwa mlangoni mwa chumba cha uani na ufagio, amesimama bila kufagia. Kuku walikuwa wameacha kutembea.

"Baba," alisema mwana.

"Gari linangoja."

Mwana alichovya, akagonga. Hakukandamiza, na alama ikatoka nusu: siku inaonekana, mwezi unaonekana kwa shida, mwaka hakuna.

Mzee alikiinua kiganja karibu na macho, akakigeuza kwenye mwanga. Akatikisa kichwa, kama alivyokuwa akiwatikisia kichwa vijana wapya katika chumba cha barua.

"Haisomeki hii," alisema. "Muhuri ukififia, barua hurudi."

Mwana alimtazama babaye usoni, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kuku mmoja mdogo alipita katikati ya miguu yao, akatazama ndani ya chumba kilichokuwa wazi, akaingia.

Mwana alichovya muhuri tena kwenye wino, akakishika kile kiganja kwa mkono wake wa kushoto kisitikisike, akagonga, na safari hii tarehe ilisomeka yote.